Barabara moja, ndege mbili: historia ya kosa linalotokea kabla ya kupaa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikupotea. Nilikuwa naandika programu ambayo leo haitumiwi na mtu hata mmoja, na kisa chake ndicho kimezaa makala hii.

Binamu yangu anasomea urubani pale Wilson, Nairobi. Siku moja akanipigia simu: "Omera, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niandikie kitu cha kukaa kwenye simu, kinipigie kelele nikikaribia barabara ya kurukia bila ruhusa." Nilicheka. Nilidhani mwanafunzi wa urubani huogopa injini kuzima hewani au upepo wa kutua. Kumbe yeye alikuwa akikosa usingizi kwa sababu ya ile safari fupi ya chini, kutoka maegesho mpaka barabara ya kurukia, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Wilson ina barabara mbili za kurukia, 07/25 na 14/32, na ndani ya eneo dogo hilo kuna ndege za shule, ndege za watalii, helikopta na ndege za miraa. Kupotea njia si jambo gumu.

Kosa analoliogopa nitaliita uvamizi wa barabara. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilitoa kitabu kizima kuhusu kosa hili mwaka 2007. Kwa maneno yangu, maana yake ni hii: ndege, gari au mtu yeyote kuwa pasipotakiwa katika eneo lililotengwa kwa ndege kutua na kupaa. Tazama vizuri neno "mtu yeyote". Si lazima uwe na mabawa ndipo uvamie. Mimi mwenyewe nimewahi kuvamia nikiwa na miaka tisa.

Ilikuwa mwaka 2007, wakati wa kampeni, nyumbani Migori. Mnakumbuka mwaka ule, wanasiasa walihamia angani, na kila mkutano ulikuwa na chopa. Siku hiyo mngurumo uliposikika, sisi watoto tuliacha ng'ombe na kukimbilia uwanjani. Haikuwa mimi peke yangu, walikuwa mamia, wakubwa kwa wadogo. Ile chopa iligusa ardhi na sisi tukaendelea kukimbia, huku panga lake la juu bado linazunguka. Mimi nikaona njia isiyo na msongamano, upande wa nyuma. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika ukosi wa shati na kunirusha chini. Nilikasirika sana, maana nilipoteza ndara moja. Miaka mingi baadaye nikiwa chuo kikuu ndipo nilisoma kwamba panga dogo la mkia wa helikopta likizunguka kwa kasi halionekani kwa macho. Ile njia isiyo na watu ilikuwa haina watu kwa sababu.

Basi binamu aliponiomba programu, nilifanya kama ninavyofanya na kazi yoyote: kabla ya kuandika mstari mmoja nikaanza kusoma ajali za zamani. Mtu wa programu husoma kumbukumbu za hitilafu kabla ya kurekebisha. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Mwanzo: bendera na toroli

Ndege za kwanza hazikuwa na barabara ya kurukia. Uwanja ulikuwa kiwanja cha nyasi tu. Rubani aliangalia upepo unatoka wapi, akaelekeza pua huko, akaondoka. Ndege zikiwa mbili au tatu kwa siku, macho yalitosha. Mnara wa kwanza wa kuongozea ndege ulijengwa Croydon, London, mwaka 1920. Marekani, mwaka 1929, bwana mmoja aitwaye Archie League aliajiriwa kusimama katika uwanja wa St. Louis. Vifaa vyake vilikuwa toroli, kiti, mwavuli wa jua na bendera mbili: moja ya kusema nenda, nyingine ya kusema subiri. Kila asubuhi alisukuma toroli lake hadi mwisho wa uwanja na kukaa hapo. Huo ndio mfumo wa kuongoza ndege, toleo la kwanza kabisa!

Mwaka huo huo wa 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Uwanja wa Wilson una jina lake mpaka leo. Na hapa kwetu ziwani, mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kuleta ndege za majini hadi Kisumu na Mwanza. Ziwa ndilo lilikuwa barabara. Kwa desturi ya ndege za majini, mashua ilitangulia kukagua maji, iwe ni gogo linaloelea au mtumbwi wa mvuvi. Kwa hiyo tatizo la binamu yangu ni kongwe: kabla ya kutumia njia, hakikisha ni yako peke yako.

Sisi watu wa programu tunalijua tatizo hili vizuri. Kazi mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, data inaharibika. Mholanzi Edsger Dijkstra, katika miaka ya 1960, alipendekeza dawa: alama moja ambayo kila kazi lazima iishike kabla ya kuingia, na kuiachia ikitoka. Aliipa jina la semafori, jina alilolikopa kwenye reli, kwa ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka kuruhusu treni. Barabara ya kurukia ni hivyo hivyo. Aliye na ruhusa anaingia, wengine wote wanasubiri kwenye mstari. Tofauti ni kwamba katika kompyuta alama inashikwa na mashine, na huko uwanjani inashikwa na maneno. Maneno ndiyo yanayovuja.

Tenerife, 1977

Tarehe 27 Machi 1977, bomu lililipuka katika uwanja wa Las Palmas, visiwa vya Kanari. Ndege nyingi zikaelekezwa uwanja mdogo wa Los Rodeos kisiwani Tenerife. Maegesho yakajaa, ukungu ukashuka. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zililazimika kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia kwa sababu njia ya pembeni ilizibwa na ndege zilizoegeshwa. KLM ilifika mwisho, ikageuka. Pan Am ilikuwa bado barabarani ikitafuta njia ya kutokea, na ikapita ile iliyoelekezwa.

Rubani wa KLM alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kupaa. Alikuwa amepewa maelekezo ya njia atakayofuata angani, akayachukua kama ruhusa yenyewe. Sasa sikiliza hapa, hasa ninyi wa mitandao. Mnara ulimwambia asubiri, na sekunde hiyo hiyo Pan Am wakasema bado wako barabarani. Redio ya ndege haibebi sauti mbili kwa pamoja, kwa hiyo maneno hayo yaliyogongana yalifika KLM kama mluzi. Ujumbe wote uliokuwa na uwezo wa kuokoa watu uligongana wenyewe kwa wenyewe hewani. Watu 583 walikufa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi kwa mgongano.

Baada ya hapo lugha ya redio ikabadilishwa. Neno la "kupaa" halitamkwi ovyo tena: linatumika pale tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote linatumika neno jingine. Na rubani lazima arudie kwa mdomo wake maelekezo yanayohusu barabara ya kurukia, mnara usikie kama ameelewa. Kurudia huko si adabu, ni uthibitisho wa kupokea.

Wadogo nao huua

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya ndege kubwa. Hapana. St. Louis, mji ule ule wa toroli la Archie League, tarehe 22 Novemba 1994 usiku, ndege ndogo aina ya Cessna 441 iliingia barabara isiyo yake. Rubani aliambiwa barabara moja, akilini mwake akawa na nyingine, ile aliyotua nayo muda mfupi kabla. Ndege ya abiria ya TWA iliyokuwa ikikimbia kupaa ikamgonga. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa.

Tarehe 8 Oktoba 2001, Linate, Milano. Ukungu tena. Ndege ndogo ya jeti aina ya Cessna Citation iliambiwa ipite njia ya R5, ikapita R6, na R6 inakata barabara ya kurukia. Ndege ya SAS ilikuwa inapaa. Watu 118 walikufa. Alama za uwanjani zilikuwa mbovu. Lakini kilichonifanya nifunge kompyuta na kutoka nje kupunga hewa ni hiki: rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini ilikuwa imezimwa tangu 1999, na ile mpya ilikuwa haijaanza kufanya kazi. Nani kati yetu hajawahi kuzima mfumo wa zamani kabla mpya haujawaka? Kwetu mteja hukosa risiti, tukaomba radhi Jumatatu.

Tarehe 2 Januari 2024, Haneda, Tokyo. Ndege ya walinzi wa pwani ilikuwa inapeleka misaada kwa waathiriwa wa tetemeko la siku iliyotangulia. Mnara uliiambia kuwa ni namba moja kwenye foleni, na iende hadi mstari wa kusubiri. Rubani akaelewa kuwa ameruhusiwa kuingia. Ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watano kati ya sita wa ile ndogo walikufa, na watu wote 379 wa ile kubwa wakatoka hai. Mnarani kulikuwa na skrini iliyotoa onyo kwamba barabara ina mtu. Hakuna aliyeliona kwa wakati.

Quincy, yaani sisi

Ajali niliyoisoma mara tatu ni nyingine, na haijulikani sana. Ilitokea Quincy, mji mdogo jimboni Illinois, tarehe 19 Novemba 1996, jioni. Uwanja ule haukuwa na mnara. Marubani walitangaziana wenyewe kwenye redio: mimi niko hapa, nakwenda pale. Barabara zilikatana.

Ndege ya abiria aina ya Beech 1900 ilikuwa inakuja kutua. Marubani wake walitangaza mara kadhaa. Waliona ndege mbili zikisubiri mwanzoni mwa barabara inayokata yao: mbele King Air, nyuma yake Cherokee ndogo. Wakauliza King Air kama itasubiri. Jibu likaja: nasubiri. Lakini aliyejibu alikuwa wa Cherokee, akidhani ameulizwa yeye. Sehemu ya jibu lake ilifunikwa na sauti ya mashine ndani ya Beech iliyokuwa ikitangaza urefu kutoka ardhini. Wale wa Beech wakasikia walichotaka kusikia, wakashukuru, wakatua. King Air haikuwa imesema lolote. Ikaanza kupaa. Zikakutana pale zinapokatana.

Wote 14 walikufa, 12 ndani ya Beech na 2 ndani ya King Air. Wengi wa ndani ya Beech hawakufa kwa mgongano. Watu waliokimbilia kusaidia walifika mlangoni, mlango ulikuwa umejipinda, haukufunguka, moto ukaja.

Nimesema nimeisoma mara tatu kwa sababu viwanja vyetu ni Quincy. Homa Bay wana Kabunde, sisi Migori tuna wetu. Viwanja vidogo vya namna hii kwa kawaida havina mnara. Rubani anatangaza na kusikiliza, na anatumia macho. Siku za kawaida ndege ni chache, hakuna shida. Lakini kuna siku zisizo za kawaida. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay. Mkiongeza mazishi ya mtu mkubwa na kampeni, mnapata siku ambayo kila mheshimiwa anakuja kwa anga saa ile ile. Na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027.

Tena huku kwetu anayevamia mara nyingi hana redio. Ni ng'ombe, ni bodaboda anayekata njia, ni mtoto anayetoka shule, ni mimi na ndara zangu. Agosti 2019, pale Kichwa Tembo, Maasai Mara, ndege ya abiria iligonga nyumbu ilipokuwa inatua. Nyumbu hajasoma kitabu cha ICAO. Ndiyo maana rubani wa viwanja vya nyasi hupita kwanza chini chini juu ya barabara, akaangalia na kufukuza mifugo, kisha akazunguka na kutua. Nikiwa mdogo tulidhani anatusalimia, tukampungia mikono!

Na hata pasipo mgongano, ndege moja ndogo mahali pabaya inatosha kuvuruga mengi. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege ndogo iliharibika na kukwama katika barabara ya uwanja wa Kilimanjaro. Boeing 767 ya Ethiopian, yenye abiria zaidi ya 200, haikuweza kutua hapo, ikaishia uwanja wa Arusha wenye barabara ya mita 1,600 hivi, uliozoea ndege ndogo. Ilisimama nje kidogo ya lami, kwenye nyasi. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Basi rubani wa ndege ndogo afanyeje?

Binamu amenifundisha, nami nawapa kwa kifupi. Kabla ya kuwasha injini, tazama ramani ya uwanja na uchore njia yako kwa kidole. Maelekezo ya mnara yaandike, usiyategemee kichwani. Rangi zinasema: michoro ya njano ni ya njia za kupitia, michoro myeupe ni ya barabara ya kurukia, kibao chekundu chenye namba nyeupe maana yake mbele yako ni barabara yenyewe. Mstari wa kusubiri una mistari minne: miwili isiyokatika na miwili iliyokatika-katika. Ukifika upande wa ile isiyokatika, simama, usivuke bila ruhusa. Ukitokea upande wa iliyokatika, unatoka barabarani, endelea mpaka mkia wote uvuke. Namba nazo zina maana: 07 ni kuelekea nyuzi 70 hivi za dira, kwa hiyo ukishaingia barabarani angalia dira. Ikisoma kitu kingine, uko barabara isiyo yako.

Pasipo mnara, sema jina la uwanja, wewe ni nani, uko wapi na unafanya nini. Ukiuliza swali, usikubali jibu lisilo na jina la ndege. Kabla ya kuingia barabarani, geuza ndege kidogo utazame anga ya pande zote mbili. Na ukiwa na shaka hata chembe, simama na uulize. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kuuliza.

Sasa ile programu. Niliimaliza. Inachukua mahali ulipo kwa setilaiti, inalinganisha na ramani ya uwanja, na ukibakiza mita chache kufika mstari inapiga kelele na skrini inakuwa nyekundu. Nilijivuna sana. Nikampelekea binamu. Siku mbili baadaye akaniambia kwamba mwalimu wake ameiona, ameisifu, na amemwambia aizime simu na kuiweka mfukoni. Nikauliza kwa nini. Akasema: "Alinitazama nikitembeza ndege. Nilikuwa naangalia simu kuona kama italia. Sikuwa naangalia nje."

Niliumia kidogo, sitawaficha. Lakini nikakumbuka Haneda, skrini iliyowaka bila mtu kuiangalia. Mimi nilitengeneza ugonjwa wa pili, skrini inayoangaliwa mpaka dirisha linasahaulika. Vifaa vizuri vipo kwenye ndege kubwa na mnarani, sisemi tuvitupe. Nasema chombo cha mwanafunzi mwenye saa chache angani ni shingo yake, igeuke kushoto na kulia.

Kwa hiyo nimeibadilisha kazi. Binamu anatumia karatasi moja yenye ramani ya Wilson, ameichora kwa kalamu, imekunjwa gotini. Mimi nimechapisha karatasi nyingine kwa Kiswahili na Kidholuo, ya watu wa chini: usivuke uwanja ndege ikisikika, funga mifugo, usikaribie chopa mpaka panga lisimame kabisa, na kamwe usipite nyuma yake. Nimempa mwalimu wa shule moja jirani na uwanja aibandike ukutani kabla ya kelele za 2027 kuanza.

Yule mzee aliyenishika ukosi sikuwahi kumshukuru. Sijui kama yu hai. Ila mtoto mwingine akisoma karatasi ile akabaki kwenye ua na ndara zake zote mbili miguuni, basi deni langu nitakuwa nimelipunguza.

Haya, tukutane wiki ijayo. Nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida ya hifadhidata, naahidi!